Mbwa Aliyemsahau Mwenye Mji

Sogeza kiti, mwanangu, na hiyo simu iweke pembeni kidogo. Umesema mbwa wenu mzee siku hizi anasimama akiutazama ukuta, na nyumbani wameanza kumwogopa. Sitakucheka. Nitakueleza niliyoyaona mimi, taratibu, halafu utajua pa kuanzia.

Ipo asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani. Nilikuwa mke mgeni, nimetoka kwetu Kewanja nimeolewa Morotonga, na binti yangu wa kwanza, Ghati, bado namfunga mgongoni. Nilitoka jikoni na kiporo cha ugali kumpa Bosi, mbwa wa baba mkwe wangu. Nikamkuta amejibanza kati ya kihenge cha mtama na ukuta wa jiko, kichwa kimegusa udongo, analia kwa sauti ndogo. Hakuna kilichomshika. Nafasi ya kutoka ilikuwepo, nyuma yake. Alikuwa tu amesahau jinsi ya kurudi nyuma.

Na huyo ndiye mbwa aliyeingiza ng'ombe zizini bila kuambiwa. Jioni alikaa kando ya mlango, ng'ombe wakapita mbele yake, na ndama akibaki porini, Bosi hakulala mpaka ameletwa. Fisi wa upande ule walimjua kwa sauti. Nilimshika kiunoni nikamvuta polepole. Alipotoka alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Ukishaona moja, mwanangu, unaanza kuona mengi. Alilala mchana kutwa, usiku akazunguka uani akilia bila sababu. Alikula, akalamba chombo, na baada ya muda mfupi akarudi kuomba kama hajala. Alikojoa ndani ya nyumba, yeye ambaye hakuwahi. Jioni alikwenda kungoja ng'ombe upande wa zizi usio na mlango, kwenye miba mitupu, na ng'ombe wakaingia upande wa pili bila yeye. Mama mkwe alicheka. "Amekuwa kama mimi, anakula anasahau!" Na sisi tukacheka naye. Hatukujua tunacheka nini.

Mimi niliyaona mapema kwa kuwa mimi ndiye niliyemlisha. Lakini kwetu mke wa mwana hazungumzi na baba mkwe ana kwa ana, wala hakai mahali alipokaa. Ni heshima, na ina uzito. Kwa hiyo nilikuwa na habari mdomoni na sikuwa na pa kuipeleka. Nilimwambia mama mkwe. Akasema ni uzee tu, tuuache. Alikuwa sahihi kwamba ni uzee. Huko kuuacha tu ndiko kulikotaka kutuletea balaa.

Maana siku moja baba mkwe alirudi kutoka mnadani, amevaa koti lake jipya, na Bosi akamzuia mlangoni. Manyoya yamesimama, meno nje, anamngurumia mwenye mji, baba wa boma lile, kama mwizi.

Shemeji yangu Chacha, mdogo wa mume wangu, akaruka kutoka kwenye kivuli cha nyumba akimpigia baba yake kelele. "Kichaa! Tata, sogea! Huyo ana kichaa!"

Usimlaumu haraka. Mvua zilizotangulia, mtoto wa kijiji cha jirani alikuwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa na tukamzika. Hofu ile haikuwa ya kijinga. Chacha alichukua rungu, akawaita vijana wenzake, nao wakaja mbio na fimbo.

"Mpige wewe kwanza," mmoja wao akamtania. "Si ulisema hata chui humwogopi?"

"Nyamaza. Akikung'ata utabweka mpaka mkeo akufunge kamba."

Baba mkwe alisimama na kofia yake mkononi. Alimtazama mbwa wake, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Kama ni kichaa, basi mmalizeni."

Nikaona rungu linainuka. Mume wangu hakuwepo, mama mkwe yuko kisimani. Nikageuza uso pembeni kama inavyotakiwa, nikamtikisa mtoto mgongoni, nikasema kwa nguvu:

"Ghati mama, mwambie babu kwamba Bosi yuko hivi tangu tulipovuna mtama, kidogo kidogo. Mwambie mbwa mwenye kichaa hamalizi hata wiki mbili. Huyu anakula, anakunywa maji, hajamng'ata mtu. Mwambie babu kwamba Bosi amemsahau. Ni hilo tu."

Chacha akacheka kwa hasira. "Shemeji, huyo mtoto hata jino hana!"

Baba mkwe hakunitazama. Alimjibu Ghati. "Mwambie mama yako nimesikia." Kisha akamgeukia mwanawe. "Weka rungu chini. Mfunge kamba kwa mbali, usimguse mdomo, na kesho umlete bwana mifugo. Ukimpiga leo kwa sababu amenisahau, siku nitakayokuuliza wewe ni nani, utanipiga na mimi?"

Chacha aliweka rungu chini akaenda kutafuta kamba. Vijana wakaondoka mmoja mmoja.

Bwana mifugo alikuja. Aliuliza kama Bosi alichanjwa, na alikuwa amechanjwa. Alimtazama macho, masikio, meno na viungo, maana mbwa kipofu au mwenye maumivu naye hukasirika na kupotea. Alituagiza tumweke mbali na watoto na tumwangalie kwanza kwa siku kumi. Siku hizo zilipopita na Bosi bado yu hai, alituambia wazi: ubongo wa mbwa nao huchakaa kama wa mtu, na dawa ya kuurudisha hana. "Mpunguzieni hofu," alisema. "Hicho mnaweza."

Tukajaribu. Niliziba kwa miti ule upenyo wa kihenge. Chakula nilimpa palepale, wakati uleule, na hakuna aliyehamisha chombo chake. Tulimwendea kwa mbele, tukisema jina lake kabla ya kumgusa. Mchana nilimtembeza kidogo juani ili usiku apate usingizi. Alipokojoa ndani tulifuta, hatukumfokea, kwa sababu hakujua kosa. Zizini akawekwa mbwa kijana, na hilo ndilo lililomuuma baba mkwe kuliko yote. Kila asubuhi alimpa Bosi mkono aunuse. Siku nyingine mkia ulitikisika. Siku nyingi haukutikisika.

Alikufa adhuhuri, mwanzoni mwa mvua, kando ya ukuta. Nilipita na mzigo wa kuni nikamkuta baba mkwe amekaa chini karibu naye, jambo ambalo wazee wa pale hawalifanyi kwa mbwa. Nilisikia akimwambia, "Ni mimi. Haidhuru. Ni mimi." Bosi hakuinua kichwa. Chacha alichimba shimo bila kutumwa.

Sikudanganyi, mwanangu: tulifanya vizuri na bado ilikuwa huzuni. Siku hizi nikiingia chumbani nikasahau nilichofuata, ninamkumbuka yule mbwa. Kwa hiyo nakuomba uyashike haya. Mbwa akibadilika ghafla, ogopa kichaa kwanza, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Akibadilika polepole, miezi kwa miezi, huenda ni uzee wa akili. Lakini usiamue peke yako. Na kama itafika siku ambayo hataki chakula tena, hapati usingizi tena, analia tu, muulize bwana mifugo namna ya kumpumzisha bila kumtesa. Hiyo nayo ni huruma, hata kama itakuliza.

Mungu akupe moyo mpole na mikono isiyo na haraka, na ukizeeka, akuwekee karibu mtu wa kukutajia jina lake bila kuchoka.

Sasa nenda. Mfunge mbwa wako kivulini mbali na watoto, mwekee maji, kaa ukumbuke mabadiliko yalianza lini, kisha umwite bwana mifugo umweleze yote.