Shanga za Tipitipi

Mwanangu alinifia mapajani pale stesheni ya Kaliua, tukingoja treni ya kumpeleka hospitali Tabora. Alikuwa na miaka mitatu. Siku tatu alikuwa anatapika na kuharisha damu.

Nianze nyuma. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, akina mama walikwenda shamba la pamoja, mimi nikapewa kulea watoto wadogo, wangu akiwamo. Darasa la pili sikumaliza, lakini mikono ninayo. Tulifinyanga ng'ombe kwa udongo wa kichuguu. Mabua ya mahindi tukayafanya miwani na magari. Majani mapana tuliyabana kwa vijiti, yakawa kofia. Na shanga: mbegu za maboga, nazichemsha na magome mpaka zishike rangi, watoto wenyewe wanazitunga. Wakizila, wamekula maboga tu.

Ikaja habari kwamba kuna mgeni mkubwa atatutembelea. Mwenyekiti wa kijiji akaja, akaushika mkufu mmoja.

"Mbegu za maboga! Mgeni atadhani hapa tunafuga kuku. Weka tipitipi."

Tipitipi ni zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, zinameta. Kwetu kila bibi anajua: mtoto akimeza nzima, huenda ikapita. Ukishaitoboa, sumu imepata mlango. Na huwezi kuitunga bila kuitoboa.

"Ndugu mwenyekiti, hiyo inaua."

"Inaua nani? Wanawake wanaivaa ngomani tangu enzi za misafara."

"Hao watu wazima. Hawa kila kitu mdomoni."

"Dada, wewe unalea au unabisha? Nikuandike mpinga maendeleo?"

Neno hilo wakati ule halikuwa la mzaha. Nikatoboa kwa sindano ya moto. Nilitoboa mimi, sikatai.

Siku ya mgeni nikawavalisha watoto, lakini hakuja. Nikawavua watoto zile shanga, nikazitundika juu. Kesho yake mwenyekiti akazishusha kwa mkono wake, akawavalisha tena.

"Wakae nazo mpaka gari lionekane."

Gari lilionekana alasiri. Mgeni akapiga makofi, akasifu, akaondoka. Nilipomvua mwanangu, uzi ulikuwa umetafunwa na mbegu nne hazipo.

Baada ya maziko, mwenyekiti aliandika barua wilayani. Karani wa kijiji alinisomea: mtoto amekufa kwa uzembe wa mama mlezi. Basi. Tipitipi hakuzitaja.

Sasa anakaa mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini, ana duka, vijana wanampa shikamoo. Nilimfuata. Akaniambia, "Mama, hayo ya zamani, tumwachie Mungu."

Mungu hakuwavalisha watoto. Wazazi wa kijiji kile wengi bado wapo hai, wengine tunakutana nao sokoni. Asimame mbele yao, aseme nani aliagiza zile mbegu baada ya kuonywa, na nani alizishusha akawavalisha mara ya pili. Pole yake sihitaji. Ajibu.