Jangwa Lililokwanguliwa

Tarehe iliyoandikwa kwa penseli nyuma ya turubai ni 9 Machi 1998, na binti wa mchoraji amethibitisha kwamba mwandiko ni wa babake. Siku hiyo mzee huyo, aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Rula, ambaye tangu ujana alichora mabango ya maduka, alianza kujifunza rangi ya mafuta. Mwalimu wake, mchoraji mwenye karakana mtaa wa pili, alimpa mchoro wa kale wa kunakili: jangwa pana, ngamia, na watu wanne wakifuatana, wa mwisho akiwa mwanamke.

Rula alilikabili jangwa kama alivyokabili kila bango. Aliigawa picha kwa miraba, akaifunika kwa karatasi ngumu akiacha mraba mmoja tu wazi, akaunakili ukakamilika, ndipo akahamia wa pili. Akimaliza kazi ya siku alitupia kitambaa juu ya turubai. Bango lake halikuonwa na mtu kabla ya kwisha, hata mwenye duka.

Lakini nyumbani palikuwa na mtu asiyeweza kungoja. Mkewe, muuguzi mstaafu, alikuwa na presha ya macho, na alijua fika kwamba nuru inayoondoka kwa ugonjwa ule hairudi.

“Baba watoto, nifunulie nitupie jicho, kabla macho hayajafunga duka.”

“Ikiisha utaiona. Umewahi kuona bango langu nusunusu?”

“Nimeyaona yenye herufi zilizokosewa, na sikukuacha.”

“Lilikuwa moja tu. Na mwenyewe hakujua kusoma.”

Walicheka wote wawili, na kitambaa kikabaki palepale.

Jangwa lilipokwisha, wa kwanza kuitwa alikuwa mwalimu. Alilitazama kitambo, akajikuna kidevu.

“Mzee wangu, hapa umejenga sakafu ya vigae.”

Ilikuwa kweli. Kila mraba ulichanganyiwa mchanga wake kwa siku yake, na rangi zilipokauka, mistari ilijichora yenyewe kutoka upeo wa macho hadi kwenye kwato za ngamia.

“Mchanga hupakwa wote pamoja, rangi ikiwa mbichi,” mwalimu alisema. “Watu huja baadaye.”

Mkewe aliyasikia hayo akiwa jikoni. Mwalimu alipoondoka alisema, “Mchanga ni mchanga tu. Nionyeshe hivyohivyo.”

Rula alikataa, hakutaka mkewe aone kazi ya kuchekwa. Kesho yake alichukua kisu na msasa, akaikwangua picha yote, akaanza upya.

Safari hii alifuata maagizo. Rangi ya mafuta haina haraka ya kukauka, na miezi ikapita. Mkewe akaanza kugonga bega kwenye miimo ya milango, kisha akaacha kuomba kuonyeshwa.

Siku ya mwisho Rula alimkalisha mkewe mbele ya picha, akaondoa kitambaa kwa mikono yake. Mkewe aligeuza kichwa polepole huku na huku, kama anayetafuta sindano sakafuni.

“Nzuri,” alisema. “Na huyu mwanamke wa mwisho anavyogeuka nyuma, kama aliyesahau kitu nyumbani. Hapo umenigusa.”

Katika mchoro wa kale hakuna anayegeuka, wala katika nakala hii. Aliyegeuka alikuwa katika ile ya kwanza: Rula alikichora kichwa bila kuuona mraba wa mwili, kikatoka kikitazama kule msafara ulikotoka. Aliligundua kosa hilo kisu kikiwa mkononi, na hakumwambia mtu.

Mkewe alifariki mwaka uliofuata. Rula hakushika tena brashi, na kila aliyelisifu jangwa la ukutani alijibiwa, “Zuri ni lile nililolikwangua.”

Hakumwuliza mkewe alimwonea wapi mwanamke yule. Kama siku moja alikifunua kitambaa akiwa peke yake, au alisema tu lililomjia moyoni, haijulikani.