Mkono Uliochanjwa

Kila akija ofisini kwetu kumwona wakili kuhusu fidia ya chanjo, mama muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo hupokea chai kwa mkono wa kushoto na kuniomba radhi: “Nisamehe mwanangu, wa kulia umekufa ganzi tangu wanichome.” Huo wa kulia huulaza mapajani, akaupapasa kama mtoto mwenye homa. Sijawahi kumtilia shaka, na hata sasa simtilii. Ila jana wakili alimuuliza alichomwa mkono gani.

“Wa kushoto,” akajibu upesi. “Wa kulia ndio wa kukatia vitenge, ningewapaje?”

Wakili akaweka kalamu chini. Mama akaitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine, kisha akanigeukia mimi niliyeshika birika: “Sasa huu umepatwa na nini?”