Kimondo Kilichonukia Bizari

Aibu hii ni bora niitoe mwenyewe, maana Garsen nzima wanayo na kila anayeisimulia huongeza chumvi yake. Juzi kinyozi kanihadithia mimi, huku kanishikia wembe shingoni, akicheka mpaka mkono unatetemeka, hajui kwamba mwalimu anayemcheka ndiye huyo aliyekalia kiti chake. Nami nikacheka naye, ungefanyaje?

Mimi ni mwalimu wa jiografia upande wa Minjila, tena mlezi wa klabu ya anga, klabu iliyokuwa na kila kitu isipokuwa kifaa cha kuangalia hiyo anga (fulana tulikuwa nazo). Basi mwaka jana tukaambiwa daktari mmoja wa elimu ya miamba atakuja kutoka Nairobi siku ya sayansi, na klabu ikimridhisha ataipa darubini. Wanafunzi wakaanza kugombania nani atachungulia wa kwanza. Mimi nikawaahidi kwamba darubini ni yetu, nikaapa kabisa, mbele ya darasa zima.

Siku hizo nilikuwa sisemi jambo ila sayari ya Mirihi. Nilikuwa nimesoma kwenye simu jinsi gari la utafiti lisilo na dereva linavyolizunguka shimo changa lililochimbwa na kimondo kule, likikagua mawe yaliyotapakaa ukingoni, kwa kuwa mawe hayo ndiyo yanayoeleza shimo lilivyotokea. Nikaona kazi yenyewe si ngumu, na gari lile halina hata shahada.

Sasa sikilizeni. Nimetoka likizo kwetu Ozi, nakatiza uwanja wa malisho kwenda shuleni, nikaona shimo. La duara, si refu, kingo zimelainishwa na mvua, na pembeni yake mawe matatu makubwa. Mtu wa kwingine angepita tu, lakini mimi nimezaliwa Delta, kwenye matope ya mto, ambako ukilima mwaka mzima jembe haligongi kitu, ni udongo mweusi mpaka chini, mama yangu alipikia mafiga ya udongo maisha yake yote. Jiwe kwetu ni mgeni. Nikaligeuza moja, na upande mmoja lilikuwa na gamba jeusi, kama kimondo kilichoungua kikipita angani. Jamani! Mawe hayakutoka chini kwa sababu chini hakuna mawe, kwa hiyo yametoka juu. Hebu niambieni kosa liko wapi hapo.

Nikamwita Komora, bawabu wetu, mtu ambaye lango la shule hulilinda akiwa amelala, aje na toroli. Akayatazama mawe, akanitazama mimi.

"Mwalimu, huku mawe hayazaliwi," akasema. "Ukiona jiwe, uliza kwanza nani kalileta."

"Ndiyo nakueleza, Komora. Limeletwa na anga."

"Haya," akasema, akapakia.

Wiki hiyo nilifanya kazi ya gari la Mirihi. Nilipima, nikachora, na moja nikalipasua kwa nyundo nione ndani (mle ndani mlifanana na nje, nikaandika "inashangaza").

Siku ya sayansi ukumbi ulijaa. Wazazi, machifu, na mgeni wetu, mama mtulivu mwenye miwani, kakaa mstari wa mbele. Nikavaa glavu nyeupe, nikainua jiwe juu, nikaanza kuwafundisha watu jinsi mbingu ilivyoichagua Minjila. Nilisema sana. Mwalimu mkuu alikuwa akichungulia dirishani kila mara kwa sababu saa ya chakula ilikuwa imepita na hakukuwa na hata harufu ya moshi, lakini mimi nilidhani anaangalia angani.

Daktari akaomba alishike. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye gamba, kidole kikatoka cheusi. Kisha akalinusa.

"Mwalimu," akauliza taratibu, "vimondo vya huku hunukia bizari?"

Kabla sijapata jibu la kisayansi, mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Hawa, kiongozi wa wale akina mama wa Kiorma wanaopika kwenye harusi zote za Minjila, na siku hiyo ndio walioitwa kuwapikia wageni wetu pilau.

"Mwalimu, hiyo jiwe yangu," akasema. "Mimi natafuta tangu asubuhi. Punda nasimama na mkokoteni, jiwe hakuna."

Akaeleza mbele ya watu wote kwamba uwanjani kuna upepo, hivyo harusi ya mwezi uliopita (nikiwa Ozi) walichimba shimo ili moto usipeperushwe, wakapikia mawe yale waliyoyaagiza kwa lori kutoka Malindi, wakayaacha pale pale, kwani nani mwenye akili ataiba mafiga?

"Ingine wapi?"

Nikaonyesha mezani.

"Na ya tatu?"

"Nimeipasua."

"Kwa nini?"

"Kuangalia ndani."

"Ndani umeona nini?"

Nikafikiri sana. "Jiwe," nikasema.

Walicheka mpaka chifu mmoja akatoka nje kupumua. Wanafunzi wangu hawakucheka, waliinamisha vichwa, na hilo ndilo lililoniuma kweli, maana walijua ile darubini imeshaenda. Figa moja haliinjiki chungu, na mawili ni yale yale. Wageni walikula mikate kwa soda. Jiwe la badala nililifuata mwenyewe Malindi, nikarudi nalo basini limenilalia mapajani.

Kabla hajaondoka, daktari aliuliza kama hakuna hata mtu mmoja aliyetilia shaka. Komora, ambaye siku hiyo kwa bahati mbaya alikuwa macho, akainua mkono, akamweleza alivyoniambia niulize kwanza nani kalileta.

Muhula uliofuata darubini ikaja. Wanafunzi walishangilia, nami nikafungua barua iliyokuja nayo kwa majivuno yaliyokuwa bado hayajafa yote. Ilisema kifaa kimekabidhiwa kwa Bwana Komora, aliyejua swali lililopaswa kuulizwa.

Kwa hiyo sasa jioni klabu ikitaka kuangalia anga, mimi mwenye shahada nakwenda langoni, namwamsha bawabu, naweka sahihi kwenye daftari lake.

"Leo mnaangalia nini, mwalimu?"

"Mirihi."

"Haya," anasema, akinipa ufunguo. "Ukiona mawe, usiguse. Uliza kwanza."

Nami nauliza, wallahi. Hata kokoto ikiingia kiatuni, siitupi kabla sijamjua mwenyewe.