Dirisha Jeupe kwenye Unga wa Mama Mdogo

Nembo ya unga wa mama mdogo ilinitesa kuliko kazi yoyote niliyowahi kupokea dukani kwangu hapa Sumbawanga, ninakotengeneza stika, kadi na mabango. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, anasaga ulezi kule Chala na unga wake unafika mpaka Laela. Nembo yake ni chungu na suke la ulezi. Fundi aliyeichora alihamia Mbeya na kompyuta yake, akaacha picha moja tu ya JPG, na picha hiyo ikazunguka simu kwa simu hadi ikachakaa.

Ndiyo, picha za JPG huchakaa. Watu hawaniamini nikiwaambia. Picha ya namna hiyo ni vitone vilivyopangwa, na kila ikitumwa kwa simu inabanwa, vingine vinatupwa njiani. Ukija kuikuza, chungu kinakuwa ngazi ngazi na suke linaota ukungu. Tena JPG haijui kuacha mahali wazi. Palipo patupu inajaza weupe. Ndiyo maana kwenye stika za kijani za mama mdogo chungu kilikaa ndani ya kisanduku cheupe, kimepinda kidogo upande wa kulia, kama kiraka kilichoshonwa kwa haraka. Kila nilipoona mfuko wake kwenye duka la mtu nilitamani kuugeuza uangalie ukutani, maana ukoo mzima unajua kazi yangu ni ipi.

Nikampigia simu.

"Shikamoo mama mdogo. Naomba lile faili lenyewe la nembo, la mwanzo kabisa."

"Marahaba mwanangu. Mbona nimeshakutumia?"

"Umeituma kwenye grupu la ukoo, mama, katikati ya rambirambi. Ni picha ileile, tena imezidi kufifia."

"Sasa wewe si ndiye msomi wa kompyuta? Ikoleze."

Ikoleze! Nikashusha pumzi. Nikamweleza polepole kwamba siwezi kurudisha vitone vilivyokwisha kupotea, kwamba ninachohitaji ni ile ya asili, kabla haijapita kwenye simu ya mtu yeyote. Akasema ameelewa. Kesho yake kondakta wa basi la Chala akanikabidhi bahasha. Ndani mlikuwa na mfuko mtupu wa unga, wa zamani, wenye stika ya kisanduku kilekile cheupe, umekunjwa vizuri, bado unanukia ulezi.

"Hiyo haijapita kwenye simu yoyote," mama mdogo akasema nilipompigia, sauti imejaa fahari. "Ya mwanzo kuliko hiyo hakuna."

Nilicheka, lakini kwa hasira. Nikaacha kazi za watu na kukaa chini kuichora upya kwa vekta. Faili la vekta halitunzi vitone. Linatunza maelekezo, kwamba mstari uanzie hapa, upinde pale, uishie kule, kwa hiyo unaweza kuikuza nembo ikatosha ukuta wa kanisa na kingo zake zisichafuke. Nikatoa na nakala ya PNG, ambayo inakubali kuacha nyuma pawe wazi, na chungu kikakaa moja kwa moja juu ya kijani. Kilipendeza jamani. Mama mdogo alipozipata stika mpya alisema zimetulia, akabandika mzigo mzima. Kawaida alikuwa akiupakia tu kwenye basi, lakini safari hii aliupeleka Laela mwenyewe ili aone watu watakavyoufurahia.

Mzigo ulirudi.

Kumbe kule Laela hakuna aliyelijua jina la unga ule. Waliuita unga wa dirisha. Mtu akimtuma mtoto dukani kwa ajili ya uji wa mzazi anamwambia lete ule wa dirisha, na mtoto anatafuta kile kisanduku cheupe. Sasa dirisha halikuwepo. Mwanamke mmoja alimkabili mama mdogo mbele ya watu, akamuuliza kama haoni haya kumwiga yule mama wa Chala kwa unga wa feki, ilhali uji wenyewe wanakunywa mpaka vichanga.

Alikuja dukani kwangu moja kwa moja kutoka stendi, sweta limejaa vumbi. Shikamoo yangu aliipokea kwa kichwa tu.

"Nimeitwa mwizi wa unga wangu mwenyewe," akasema, na macho yalikuwa mekundu.

Roho iliniuma sana. Na hapohapo nilikasirika, sijui hata nilimkasirikia nani.

"Rudisha dirisha," akasema.

"Mama mdogo, lile si dirisha. Ni kasoro ya faili. Ni weupe tu uliobaki kwa sababu JPG..."

"Rudisha."

Nikachora kisanduku cheupe. Akavaa miwani, akaweka ule mfuko wa zamani kando ya kioo cha kompyuta, akakataa. Kimenyooka mno. Nikakipinda kulia. Suke limetakata mno, halifanani. Nikaurudisha ukungu uleule niliohangaika kuufuta, uzi kwa uzi, yeye akielekeza kwa kidole juu ya bega langu.

"Hapo sasa," akasema.

Kwa hiyo ninalo faili safi kabisa la vekta ambalo ndani yake makosa yote ya JPG yamechorwa kwa mkono, na ukitaka unaweza kuyakuza yakatosha ukuta wa kanisa. Wateja wangu wengine wakiliona kwenye kompyuta wananiuliza ni kazi ya nani. Nawaambia sijui.

Juzi mama mdogo alinipigia, anacheka mpaka maneno hayatoki. Mwenye duka wa Laela alikuwa amempa habari kwamba mzigo umekwisha, na kwamba yule mwanamke amenunua, tena ameacha ujumbe kwa mama wa Chala. Ajihadhari. Kuna mtu anaiga unga wake, na huyo anayechora zile stika za feki ni fundi hasa, atafutwe.

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nikamwambia asihangaike, huyo namjua. Ni mtoto wa dada yangu."