Ufa wa Jiwe la Sebuleni

Mtaani walimwita Bwana Oksijeni, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na baba yake. Alikuwa mhadhiri wa miamba. Hakuna aliyeingia kwake akatoka bila kusomeshwa: eti zamani za kale hewa haikuwa na oksijeni, vijidudu vya baharini vilipendelea kaboni nyepesi, vikafa, vikazikwa nayo matopeni, bahari ikabakiwa na kaboni nzito, ikaganda nayo katika mawe ya chokaa, huku oksijeni ikiongezeka hewani. Wageni waliitikia kwa vichwa, macho yao yakiwa kwenye birika.

Mwaka huo alitangaza makubwa. Jiwe lake la chokaa la enzi hizo, lililokaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, lilikuwa limepimwa maabara, na kaboni yake ilikuwa nyepesi ajabu. Basi wataalamu wote walikosea! Mwezi uliofuata angewaumbua chuoni, mbele ya mkuu wa idara aliyekuwa akimzuilia kupandishwa cheo.

Mama yake alipokuja kumsalimia, alimkuta akiwaonyesha wakwe zake tundu alilotoboa kwenye jiwe kupata unga wa kupima.

"Keekee iliingia laini kama kwenye siagi!"

Mama akavaa miwani, akainama.

"Baba, hapa si ndipo lilipopasuka, ukaziba kwa chokaa ya fundi?"

"Mama!"

"Siku hawa wakwe zako walipokuja mara ya kwanza. Tungewawekea jiwe bovu mezani?"

Mama mkwe akakohoa ndani ya kikombe.

Bwana Oksijeni akanywea. Chokaa mbichi hukauka kwa kunyonya kaboni ya hewani, tena hukimbilia ile nyepesi. Yeye mwenyewe alilifundisha hilo kila mwaka. Kumbe hakupima pumzi ya dunia changa. Alipima pumzi za shangazi zake wakisengenya sebuleni.

"Nyamaza tu," mama alimnong'oneza jikoni. "Huko chuoni nani anaujua ufa wetu?"

"Ninaujua mimi, mama."

Akatoboa upande wa pili, mahali pagumu, keekee ikalia. Majibu yakarudi: kaboni nzito, vilevile kama walivyosema wenzake. Akasimama chuoni akaeleza yote, chokaa na wakwe wakiwamo. Cheo hakukipata.

Mama hakukubali jina la ukoo lianguke hivihivi. Jirani alipouliza habari za chuoni, alijiweka sawa kitini.

"Mwanangu amewathibitishia wakubwa wake kwamba hawakukosea," alisema. "Walifurahi hao! Walicheka mpaka machozi."