Neema wangu na maneno mazito ya Kiingereza

Neema wangu ameingia fainali ya mashindano ya kusimulia hadithi kwa Kiingereza. Salamu baadaye, hata kukaa nashindwa.

Maneno mazito anayatoa mu hadithi fupi za zamani. Kila hadithi ananisimulia kwa Kiswahili nikisonga bugali, kwa hiyo ninazijua zote.

Leo kwenye nusu fainali, mbele ya juri, wale waamuzi, akakwama katikati ya hadithi.
Mimi mulangoni nikaropoka: "Neema, mujane anachoma barua!"

Papa mumoja wa juri akageuka. "Mama, toka inje. Mutoto tunamupa hadithi ingine."

Nikatoka, nikasikilizia kwa dirisha.

Lakini Neema hiyo ingine akaisimulia yote. Neno moja hata juri waliuliza maana.

Alipotoka: "Mama, siku ya fainali ubaki nyumbani."

Nani kati yenu angebaki? Mukuje wote, munikalie huku na huku, munizibe kinywa. Fainali njo Jumamosi hii.